Mafuta Yanapotelea Wapi? Mwongozo Kamili wa Kupima na Kufuatilia Mafuta Kuanzia Ghalani Hadi Nozeli

Dipu ya asubuhi, yaani kipimo cha mafuta tangini kwa fimbo, ikisoma pungufu, wa kwanza kunyooshewa kidole ni kijana wa shifti ya usiku. Huenda kweli kachota. Lakini kabla hujamwita ofisini, wapo washukiwa wengine ambao hawana mdomo wa kujitetea wala kukiri: joto, fimbo ya kupimia, chati ya tangi, mita ya pampu na karatasi aliyokuja nayo dereva. Nimeona vituo vikibadilisha wafanyakazi kila baada ya miezi michache huku upotevu ukibaki palepale, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kutenganisha hivi vitu kimoja kimoja.

Mwongozo huu ni wa meneja au mwenye kituo cha mafuta Tanzania, hasa anayepima kwa fimbo. Mwenye mfumo wa kielektroniki naye asiruke, maana ule mfumo unafanya hesabu hizihizi, tofauti ni kwamba hauchoki.

Anza na joto

Mafuta yakipata joto yanatanuka, yakipoa yananywea. Kila mtu anajua hilo, ila wachache wanaliweka kwenye hesabu. Petroli hubadilika ujazo kwa takriban 0.12% kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na dizeli kwa takriban 0.083%. Zinaonekana tarakimu ndogo mpaka uzipeleke Njombe.

Chukua lita 10,000 za petroli zilizopakiwa Dar es Salaam mchana wa jua, zikiwa na nyuzi 33. Lori linapita Morogoro, Mikumi, linapanda Kitonga, linapita Iringa na Mafinga, na kesho yake asubuhi ya mwezi wa saba liko Njombe, mafuta yana nyuzi 19. Tofauti ni nyuzi 14. Zidisha: 10,000 × 0.0012 × 14, unapata lita 168. Hizo hazijaibwa na mtu. Uzito wa mafuta ni uleule, molekuli ni zilezile, ila lita zimepungua. Dizeli kwa safari hiyohiyo ingepungua lita 116 hivi.

Ndiyo maana biashara kubwa ya mafuta haifanyiki kwa lita tupu. Meli inaposhusha mzigo bandarini, na ghala linapompa mwingine mzigo, ujazo hurudishwa kwenye joto moja la rejea ili wote wazungumze lita za aina moja. Majedwali mengi duniani yametengenezwa kwa nyuzi 15. Huku kwetu utakutana sana na nyaraka za nyuzi 20. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu lita, angalia kwanza karatasi yake inasema lita za joto gani. Kuna ugomvi mwingi ungeishia hapo.

Hesabu ya haraka ya kufanya kituoni ni hii: lita ulizopewa, mara 0.0012 kwa petroli au 0.00083 kwa dizeli, mara tofauti ya nyuzi kati ya kupakia na kupokea. Haitoshi kwa mahakama, ila kwa kujua kama dereva ana kesi au hana, inatosha kabisa.

Vifaa, na kasoro zake

Unahitaji fimbo ya kupimia yenye alama za milimita, dawa ya kupima maji, dawa ya kuonyesha usawa wa mafuta, kipimajoto, haidromita ya kupimia densiti (uzito wa mafuta kwa ujazo wake) na silinda yake ya kioo, na kopo la chuma la lita 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Juu ya hivyo, chati ya tangi, yaani jedwali linalogeuza kina cha mafuta kuwa lita. Chati ni ya tangi hilohilo, iliyotokana na upimaji wa tangi hilo. Chati iliyoazimwa kituo cha jirani kwa sababu "matangi yetu yanafanana" itakusumbua miaka.

Fimbo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa jicho kali. Kila siku inagonga sakafu ya tangi, na ncha yake inalika taratibu. Ikilika milimita 10, basi alama ya 10 ndiyo inayogusa chini badala ya sifuri, na usomaji wote unapanda kwa milimita 10. Kwenye tangi la kawaida la lita 30,000 likiwa nusu, hizo ni lita 150 hivi za hewa unazozihesabu kama mali. Na kwa kuwa kosa hilo lipo asubuhi na lipo jioni, mahesabu ya kila siku yanakubaliana vizuri tu. Hakuna anayeshtuka. Siku mkinunua fimbo mpya, lita 150 zinatoweka kwa usiku mmoja, na kijana wa zamu anaitwa mwizi. Kila mwezi laza fimbo kando ya futi ya chuma na uhakikishe sifuri iko mwisho kabisa wa ncha. Ukibadilisha fimbo, pima kwa zote mbili siku hiyohiyo na uandike tofauti daftarini.

Kupiga dipu

Chagua saa moja ya kudumu, kabla ya kufungua mauzo au wakati wa kukabidhiana shifti, na uifuate. Simamisha pampu zinazovuta kutoka tangi hilo. Kama mafuta yameshushwa punde, subiri dakika 15 hadi 30 yatulie, kwa sababu ya usahihi na pia kwa sababu ya umeme tuli unaojikusanya wakati mafuta yanatiririka. Wakati wa radi usipime kabisa. Simu iache ofisini, na usimame upande upepo unakotokea ili mvuke usikujie usoni.

Paka dawa ya maji kwenye sentimita chache za chini za fimbo. Paka dawa ya mafuta mahali unapotarajia usawa ufike, maana petroli hukauka juani kabla hujasoma alama. Shusha fimbo wima, polepole, hadi iguse chini kwa ulaini. Usiiangushe. Ukiiangusha inarusha mafuta juu ya alama halisi, na hiyo ndiyo inayoila ncha. Fimbo iliyoinama nayo husoma zaidi, kwa hiyo usiiegemeze kwenye ukingo wa bomba. Iache sekunde chache kwa mafuta. Dawa ya maji huhitaji muda zaidi, hasa kwenye dizeli, karibu dakika moja. Toa, soma, futa, rudia. Masomo mawili yakipishana zaidi ya milimita 3, piga la tatu.

Sasa nenda kwenye chati. Tuseme umesoma sentimita 128.4. Chati inasema 128 ni lita 15,429 na 129 ni lita 15,581. Tofauti ni 152, na 0.4 yake ni 61. Una lita 15,490. Kama dawa imeonyesha maji, tafuta ujazo wa maji kwa chati hiyohiyo na uutoe.

Angalia jambo moja hapa. Tangi letu la mfano ni la mviringo lililolazwa, kipenyo mita 2.5, urefu mita 6.1. Katikati yake milimita moja ni lita 15 hivi. Ukishuka hadi sentimita 20 kutoka chini, milimita moja ni lita 8 tu. Yaani kosa lilelile la jicho lina thamani tofauti kutegemea tangi limejaa kiasi gani, na mtu anayezidisha sentimita kwa namba moja ya kukariri anajidanganya kila siku. Tangi lililotitia upande mmoja ardhini nalo linaivuruga chati, na kosa huwa kubwa zaidi linapokaribia kujaa au kuisha. Ukiona upotevu unakuja tangi likiwa juu na kurudi kama faida likiwa chini, usimtafute mtu. Litafute tangi.

Ghalani na njiani

Mengi ya kituo huamuliwa kabla lori halijafika. Mwambie dereva, au mtu wako aliyeko Dar, akutumie picha ya mambo manne mara baada ya kupakia: lita kwa kila chumba cha lori, joto la kupakia, densiti, na namba za sili zote za juu na za chini. Cheti cha lori cha Wakala wa Vipimo kiwe ndani ya muda wake, na chati ya vyumba iwe ya lori hilohilo, namba ya usajili ilingane.

Njiani, kifaa cha kufuatilia gari kinasaidia pale tu kuna mtu anayeangalia. Usihangaike na kila kituo cha chai. Angalia lori lililosimama muda mrefu mahali ambapo jana na juzi halikusimama, na kifaa kilichozimika kisha kikawaka mbele. Mizigo ya kupita mipakani ina ulinzi wake: Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia mizigo ya namna hiyo kwa sili za kielektroniki za mfumo wa pamoja wa forodha. Mzigo wa ndani mara nyingi unabaki mikononi mwako na mwa msafirishaji, kwa hiyo mkataba useme wazi: upungufu utahesabiwa baada ya kusahihisha joto, na unalipwa na nani ukizidi kiasi gani. Mkataba usiosema joto ni mkataba wa kugombana.

Na lori likipinduka, hesabu ya lita iache. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku watu wakichota. Dereva wako ajue kwamba kazi yake hapo ni kufukuza watu mbali, siyo kuokoa mzigo.

Lori likifika

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu mafuta yakishaingia ardhini ushahidi wako umekwisha.

Kabla halijafika, jua nafasi uliyonayo. Tangi lisijazwe kupita takriban 97%. Kwa tangi la lita 30,000 mwisho ni 29,100, kwa hiyo kama lina 15,490 unaweza kupokea 13,610, wala si 14,510. Anayekosea hesabu hii humwaga mafuta uwanjani.

Lori lisimame mahali tambarare. Kama uwanja wako una mteremko, chora mstari mahali panapofaa na kila lori lisimame hapo. Liache litulie dakika kumi hivi. Dereva atakuwa na haraka. "Meneja, sili zote ziko sawa, tumwage tu kaka, nina mzigo mwingine kesho." Mpe maji ya kunywa, mpe kivuli, na uendelee na utaratibu wako.

Soma namba za sili moja moja ukilinganisha na picha uliyotumiwa, siyo na karatasi aliyoshika yeye. Vuta kila sili kwa mkono, maana iliyokatwa na kugundishwa hufunguka. Panda juu, piga dipu kila chumba kwa fimbo yako mwenyewe au uikague ya lori kama haijakatwa. Pima joto katikati ya kina cha mafuta, siyo juu. Pima maji. Kisha chukua sampuli kwa densiti.

Densiti ni uzito wa mafuta kwa ujazo wake, na ndiyo inayosema kama kilichomo ni ulichonunua. Kwa nyuzi 20, petroli huwa kati ya kilo 720 na 775 hivi kwa mita ya ujazo, mafuta ya taa karibu na 800, dizeli kuanzia 820 kwenda 860. Jaza silinda, tumbukiza haidromita, soma, pima joto la sampuli palepale, kisha irudishe kwenye nyuzi 20 kwa jedwali. Bila jedwali, ongeza takriban 0.9 kwa kila nyuzi juu ya 20 kwa petroli, na 0.7 kwa dizeli. Mfano, petroli iliyosoma 728.5 ikiwa na nyuzi 33 ni kama 740 kwa nyuzi 20. Linganisha na karatasi ya ghala. India, vituo vinafundishwa kutilia shaka tofauti inayozidi kilo 3, na mpaka huo unafaa kuutumia hata huku. Petroli ya 740 ikichanganywa 10% ya mafuta ya taa inapanda hadi 746 hivi, utaiona. Vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, vilivyoanza kuwekwa kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010 vilikuja kwa ajili ya mchezo huo na ule wa mafuta ya kwenda nje ya nchi kuuzwa humu ndani, lakini vinasaba hupimwa na mkaguzi, na haidromita unayo wewe.

Kila kitu kikikubali, unganisha waya wa ardhi kwanza, halafu mpira. Hakikisha mara mbili ni bomba la bidhaa gani. Simamisha mauzo ya tangi hilo wakati wa kushusha, au kama haiwezekani andika mita za pampu mwanzo na mwisho. Mafuta yakiisha, panda tena uangalie kila chumba kimekauka, inua mpira umwagike wote tangini. Lita zinazobaki kwenye mpira na kona za chumba ni "zawadi" ambazo wenye lori wamezizoea. Subiri, piga dipu ya tangi, andika.

Pampu

Kila asubuhi, kwa kila nozeli, toa lita 20 kwenye kopo la uhakiki. Lowesha kopo kwanza, limwage, subiri lichuruzike kwa muda ulioandikwa juu yake, ndipo ujaze. Kiwango cha kimataifa cha mita za vituo vya mafuta ni kosa lisilozidi 0.5%, yaani mililita 100 kwa lita 20. Usisubiri ufike huko. Nozeli inayotoa mililita 60 za ziada kila lita 20 iko ndani ya kiwango, lakini kituo kinachouza lita 6,000 kwa siku kinagawa lita 18 bure, karibu 540 kwa mwezi. Ikitoa pungufu, mali inaonekana kuongezeka, na hapo unamwibia mteja hata kama hukukusudia.

Mafuta ya majaribio yarudishwe tangini na yaandikwe. Mita inayahesabu kama mauzo. Nozeli nne ni lita 80 kwa siku, na usipoyatoa kwenye hesabu utaona faida ya lita 80 ambayo haipo, na chini ya faida hiyo wizi wa lita 80 unajificha raha mustarehe. Jumla ya risiti za mashine ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya pampu nayo ilinganishwe na jumla ya mita. Zikipishana, swali hilo ni la fedha kabla ya kuwa la tangi.

Hesabu ya siku

Daftari liwe na safu za dipu ya kufungua, lita za kwenye karatasi, lita zilizopimwa ndani ya lori hapo kituoni, mita, majaribio, dipu ya kufunga, joto la tangi na maji. Muhimu zaidi ni hizo safu mbili za kupokea. Ukizichanganya, upotevu wa barabarani na wa kituoni unakuwa uji mmoja.

Kituo cha Morogoro, tangi la petroli, siku moja. Dipu ya kufungua 11,700. Karatasi inasema 10,000 kwa nyuzi 31, lori limepimwa 9,960 kwa nyuzi 28. Mita zimetembea 6,190, majaribio 80, kwa hiyo mauzo ni 6,110. Inayotakiwa kubaki: 11,700 + 9,960 − 6,110 = 15,550. Dipu ya kufunga ni 15,490. Pungufu 60.

Fungua hizo namba. Barabarani zimepotea 40, lakini nyuzi 3 pekee zinaeleza 36. Dereva hana kesi. Kituoni zimepotea 60. Tangi lina nyuzi 26, mafuta yaliyoingia yamepoa nyuzi 2 zaidi, hizo ni lita 24. Zimebaki 36, ambazo kwenye fimbo ni chini ya milimita 2.5. Jicho la binadamu linakosea hapo bila nia mbaya. Siku moja kama hii haimhukumu mtu, wala ukipata sifuri haimsafishi.

Kusoma mwezi

Kinachosema kweli ni jumla inayoendelea. Jumlisha tofauti za kila siku, uzichore kwenye karatasi ya mraba au simu, na uangalie mstari. Makosa ya kusoma hupanda na kushuka, yanafutana. Upotevu halisi hauna tabia hiyo, unaushusha mstari tu.

Mstari ukishuka kulingana na mauzo, yaani zaidi siku za mauzo makubwa na kidogo siku za mauzo madogo, nenda kwenye mita. Ukishuka siku za kupokea tu, nenda kwenye lori, joto na chati. Ukishuka kiasi kilekile kila siku hata siku kituo kimefungwa, shuku uvujaji. Ukifuata shifti ya watu walewale, sasa una haki ya kumwita mtu, na una karatasi ya kumwonyesha. Maji yanayopanda baada ya kila mvua ni mfuniko wa bomba la kujazia au nyufa, na dizeli yenye maji itakurudisha kwa wateja wenye hasira upesi kuliko upotevu wowote.

Marekani, sheria ya matangi ya ardhini kwa wanaopima kwa fimbo iliweka mpaka wa 1% ya mafuta yaliyopita kwa mwezi, jumlisha galoni 130, ambazo ni karibu lita 490. Kuuvuka kunahesabiwa kama dalili ya uvujaji. Kwa mazingira ni mpaka mzuri, kwa mfuko wako ni mpana mno. Kituo kinachojiangalia kiweke chake, na kikiuvuka miezi miwili mfululizo kichukue hatua.

Kupima uvujaji kwa njia nyepesi: funga tangi saa nne usiku, piga dipu mara tatu uchukue ya kati, pima joto. Saa kumi na moja alfajiri rudia, bila pampu kuguswa. Ukiona milimita zimeshuka na joto halijabadilika, fanya tena usiku wa pili tangi likiwa na kiwango tofauti. Ikishuka tangi likiwa juu tu, tundu liko juu, pengine kwenye maungio ya bomba. Ikishuka viwango vyote, acha kujaza tangi hilo, uza kilichomo au kihamishe, mwite fundi wa kupima tangi kwa shinikizo, na uwataarifu EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) na NEMC (baraza la mazingira) kabla kisima cha jirani hakijawataarifu.

Kosa likiwa la mita, usimruhusu fundi yeyote akate sili ya pampu kwa kisingizio cha kurekebisha kidogo. Andika mita ilivyosoma, funga nozeli hiyo, mwite Wakala wa Vipimo. Baada ya marekebisho anza mstari mpya kwenye daftari kwa tarehe hiyo, na usiujumlishe na wa zamani.